UZI: Kwa nini filamu ya The Lord of the Rings iliwanyima mahobiti vita vya kurudi nyumbani?

#1 MtoWaBombo
Salaam wote. Nimemaliza kusoma The Return of the King, sehemu ya mwisho ya The Lord of the Rings ya Tolkien, baada ya kuzijua filamu miaka mingi, na kuna jambo limenikaa kooni.

Kwenye filamu ya Peter Jackson ya 2003, pete ya yule mwovu Sauron ikishaungua na mfalme akishavikwa taji, mahobiti wanne, wale watu wafupi, Frodo, Sam na wenzao wawili, wanarudi nchini kwao Shire na kuikuta vilevile walivyoiacha. Majani ni mabichi, milango ya duara ipo, watu wanakunywa bia. Kitabuni sivyo kabisa. Wanakuta lango limejengwa darajani, amri zimebandikwa ukutani, miti imekatwa, kinu kipya kinamwaga uchafu mtoni, na wahuni wanazunguka kukusanya mavuno ya watu kwa kisingizio cha kugawana sawa. Mkubwa wao ni Saruman, yule yule mchawi waliyedhani wameshamalizana naye. Wanapigana hapo hapo kwenye kijiji cha Bywater, na mahobiti 19 wanakufa. Hakuna mchawi mwema wala mfalme wa kuwasaidia. Wanajikomboa wenyewe.

Hiyo sura nzima imetupwa, na kwangu ndiyo iliyobeba kitabu. Hoja yangu ni hii: filamu za fantasia huogopa kumwonyesha mtazamaji kwamba ushindi wa mbali haukulinda kwao shujaa. Nani anapinga?

#2 Kijana_Wandegeya
Napinga mimi. Ile filamu tayari ni saa 3 na dakika 21. Bado watu walilalamika ina miisho mingi: taji, Shire, harusi ya Sam, meli, Sam tena mlangoni. Ungeongeza vita vingine hapo, ukumbi wote ungesimama kutafuta viatu. Hofu haipo hapo mzee, ni saa tu.

#3 Fundi_Uhariri
Kijana kasema, ila saa peke yake haitoshi. Mimi nahariri video za harusi na za kwanjula, ile sherehe ya utambulisho, hapa Kampala, na nimejifunza kitu kimoja: keki ikishakatwa, hotuba ya mjomba haitazamwi hata kama ndiyo yenye maneno mazito kuliko zote. Mtazamaji anakuwa na kilele kichwani. Pete ilipoungua, mwili wake umeshapumua. Kumwambia aanze tena kuogopa, tena kwa wahuni wadogo baada ya kumwona Sauron, ni kazi ngumu mno.

Msomaji ana nafasi ya kupumzika kati ya sura. Anafunga kitabu, analala, kesho anaanza upya. Mtu aliyekaa kwenye kiti hana usiku wa katikati.

#4 Mkulima_Gulu
MtoWaBombo, asante kwa uzi huu.

Mimi sura hiyo niliisoma baada ya kurudi kijijini kutoka kambini, tulikokimbilia vita vya waasi wa LRA. Mazungumzo ya amani ya Juba yalipoanza 2006 na mapigano yakasimama, watu wakaanza kuondoka kambini kidogo kidogo. Watu wa mbali walikuwa wanasema vita vimekwisha. Sisi tulifika tukakuta mwembe wa baba umekatwa kwa ajili ya mkaa, kimebaki kisiki tu, na machipukizi yake yanatoka pembeni. Miti ya mpaka imeng'olewa. Mtu ambaye hatukumjua alikuwa amelima hadi karibu na makaburi yetu, na akatuuliza sisi ni nani.

Sasa Sam Gamgee anarudi anakuta ule mti wa sherehe, ambao Bilbo, aliyemlea Frodo, alihutubia chini yake, umekatwa na kuachwa uwanjani. Analia. Ameona Mordor, nchi ya Sauron, lakini huo mti ndio unaomliza. Niliposoma hapo nilikiweka kitabu chini.

Jambo jingine: Frodo katika vita vile hachomoi upanga. Anahangaika kuwazuia wenzake wasiwaue waliotupa silaha. Saruman anamchoma kisu, kisu kinavunjika kwenye vazi lake la chuma, na bado Frodo anasema mwacheni aende. Huku kwetu tulikuwa na Sheria ya Msamaha ya 2000, ya kuwasamehe waasi. Vijana waliotoka porini walipewa karatasi na kurudi kuishi jirani na waliowaumiza. Kuna waliokubali na kuna ambao hadi leo hawajakubali. Ubishi wa Frodo na wenzake pale mlangoni tumeubishana sisi kwenye mikutano ya kijiji. Fundi, nakuheshimu, lakini usiniambie hiyo ni hotuba ya mjomba.

#5 Fundi_Uhariri
@Mkulima_Gulu pole sana ndugu yangu. Sikusema haina thamani. Nilisema pale ilipowekwa, filamu inashindwa kuibeba. Naamini hivyo bado.

#6 Ziwa_Entebbe
Tuweke kumbukumbu sawa kidogo, maana hapo juu kuna mambo yamerukwa.

Kwanza, filamu haikuitupa yote. Katika filamu ya kwanza, ya 2001, Frodo anapotazama kwenye kioo cha kichawi cha Galadriel, bibi wa kabila la Elf, anaiona Shire inaungua na mahobiti wamefungwa minyororo. Jackson aliichukua sura ile akaigeuza kuwa onyo: hiki ndicho kitakachotokea ukishindwa. Hajashindwa, kwa hiyo hakikutokea.

Pili, Saruman. Kitabuni mtumishi wake Wormtongue anamkata koo mbele ya mlango wa Frodo, na Wormtongue mwenyewe anauawa kwa mishale ya mahobiti. Kwenye filamu kifo hicho kilihamishiwa juu ya mnara wake wa Isengard, tena kiko kwenye toleo refu tu, lile linalozidi saa nne. Kwenye toleo la majumba ya sinema hakipo kabisa, na Christopher Lee aliyemwigiza Saruman alikasirika wazi wazi.

Tatu, kabla mtu hajasema Tolkien alikuwa anaandika kuhusu Uingereza baada ya Vita vya Pili vya Dunia: yeye mwenyewe alikanusha kwenye dibaji ya toleo la pili. Alisema sura hiyo aliiona tangu mwanzo wa hadithi, na kama ina mzizi, ni katika utoto wake, mashamba aliyoyapenda yalipoharibiwa kabla hajatimiza miaka kumi.

#7 MtoWaBombo
Ziwa, ulichosema kwanza ndicho kinachonitia wasiwasi zaidi. Kitabu kinasema: hata ukishinda, nyumbani kutaguswa. Filamu inasema: ukishinda, hakutaguswa. Picha zile zile za moto, maana mbili zinazopingana. Kwa hiyo hawakukosa nafasi, Kijana. Picha walikuwa nazo.

#8 Hajati_Mbale
Assalaam aleikum wanangu. Nimewasoma wote. Mimi niko upande wa Harry Potter kwa sababu ya wajukuu, maana nawasomea wakija likizo.

Tulipomaliza kitabu cha saba tukaangalia filamu ya mwisho, ile ya 2011, mjukuu wangu mdogo alikasirika kuliko mimi. Kitabuni Harry na yule mchawi mwovu Voldemort wanakutana ukumbini, watu wote wamewazunguka, walimu, wanafunzi, wazazi, na wanaongea kwa muda mrefu. Harry anamweleza kosa lake mbele ya mashahidi, hata anamwambia ajaribu kujuta. Kisha Voldemort anaanguka, na mwili wake unalala sakafuni kama wa binadamu yeyote. Kwenye filamu wako wawili tu uwanjani, na anapeperuka vipande vipande angani kama majivu.

Nawauliza, kwa nini wamwondolee mtoto ule mwili? Mwandishi alitaka waone kwamba yule aliyekimbia kifo maisha yake yote amekufa kama jirani yetu anavyokufa. Vipande vinavyopepea vinampa ukubwa ambao mwandishi alimnyima.

Halafu ile fimbo yenye nguvu, Elder Wand. Kitabuni Harry anaitumia kwanza kuitengeneza fimbo yake ya zamani iliyovunjika, kisha anasema atairudisha kaburini ilikotoka. Kwenye filamu anaivunja na kuitupa, na ile fimbo yake mwenyewe haitengenezwi. Mjukuu akaniuliza, "Sasa bibi, atafanyia nini uchawi?" Sikuwa na jibu.

#9 Kijana_Wandegeya
Aleikum salaam Hajati, shikamoo. Kuhusu fimbo niko nawe asilimia mia. Kuhusu vipande, nadhani ni athari za kompyuta tu. Zikiwepo zitatumika, na zilikuwa zinatolewa kwa 3D. Na mkumbuke kitabu cha tano ndicho kirefu kuliko vyote saba, lakini filamu yake ni ya dakika 138, mojawapo ya fupi kabisa. Tukampoteza Neville, mwanafunzi mwenzake Harry, na wazazi wake hospitalini, ambayo ni kurasa chache tu! Peeves, yule pepo mtundu wa shule, hakuonekana hata filamu moja kati ya nane.

#10 Hajati_Mbale
Marahaba mwanangu. Ile ya Neville na karatasi za pipi anazopewa na mama yake mgonjwa, nikiisoma sauti inanikauka.

#11 Dada_Kasese
Mnaongelea saa, kilele, kompyuta. Mimi nauliza: nani alitia sahihi, na karatasi ilisema nini?

Angalieni Ursula K. Le Guin. A Wizard of Earthsea ni ya 1968. Shujaa wake, Ged, ana ngozi ya kahawia yenye wekundu, rafiki yake Vetch ni mweusi, na weupe ni wachache, watu wa kando. Alifanya hivyo kwa makusudi, wakati fantasia yote ilikuwa ya watu weupe. Mwaka 2004 televisheni ya Marekani ikatoa tamthilia yake, na Ged akawa mvulana mweupe. Le Guin aliandika hadharani kwamba hakuwa na sauti katika maamuzi yale, kwamba walimweka kando mikataba iliposainiwa, na kwamba rangi ya watu wake ilikuwa na maana.

Hapo hakuna dakika iliyookolewa. Mwigizaji wa kahawia hachukui muda mrefu zaidi kwenye skrini. Kwa hiyo hoja ya Kijana na ya Fundi haziligusi hili hata kidogo. Nilikipata kitabu hicho kwenye mitumba ya vitabu, jalada limechanika, na nilikuwa nimeshafika mbali ndipo nikagundua shujaa anafanana na kaka yangu. Msichana atakayeanza na ile tamthilia hatalipata hilo.

Michael Ende naye, wa The Neverending Story. Filamu ya 1984 ilichukua nusu ya kwanza ya kitabu tu. Nusu ya pili, ambako Bastian anapoteza kumbukumbu kila anapotamka tamanio, iliachwa nje. Alikwenda mahakamani na akashindwa.

#12 Ziwa_Entebbe
@Dada_Kasese hapo umegonga. Ila mkataba peke yake hauelezi kila kitu. Tolkien naye aliuza haki za filamu akiwa hai, 1969, na filamu zilizotoka zaidi ya miaka thelathini baadaye zilitengenezwa na watu waliokipenda kitabu kwelikweli. Upande wa pili, Rowling, mwandishi wa Harry Potter, alikuwa na sauti kubwa kwenye filamu zake, na bado Hajati ana malalamiko. Sauti ya mwandishi haizuii mabadiliko.

#13 Boda_Arua
Wakubwa habari. Kitabu hicho sijasoma, lakini filamu naijua kuliko nyote, maana niliiona kibandani na vijei.

Wale mnaoishi kwenye mageti labda hamjui. Benchi za mbao, gunia mlangoni kuzuia mwanga, televisheni juu ya kreti. Vijei ana maiki, anashusha sauti ya filamu, anaongea juu yake. Wa kwetu alikuwa anachanganya Kiganda, Kiswahili na Kilugbara kutegemea nani kaingia. Haelezi wanachosema tu, anaeleza na wanachokifikiri.

Ile sehemu ya mwisho, mahobiti wanne wamekaa baa na vikombe. Hawaongei. Nyuma yao watu wanashangilia boga kubwa, kila mtu anataka kuligusa. Filamu yenyewe imenyamaza. Vijei akasema: "Ona, wanashangaa boga. Hawa wanne wamewaokoa, hakuna hata mmoja anayewauliza mlikuwa wapi. Askari akirudi, nani anataka habari yake?" Kibanda kizima kilinyamaza, na pale kulikuwa na wazee waliowahi kuwa jeshini.

Kwa hiyo MtoWaBombo, mimi kurudi nyumbani nilikuona. Hakukukatwa kwangu.

#14 MtoWaBombo
Boda, hili sikulitegemea. Sasa inabidi nifikiri upya kuhusu lile boga. Unataka kusema filamu iliweka jeraha ndani ya watu badala ya kuliweka kwenye nchi? Nyumbani kuko vilevile, wao ndio hawako vilevile?

#15 Mkulima_Gulu
Hilo nalikubali nusu. Ni kweli kuna anayerudi akakuta kila kitu kipo na yeye ndiye hayupo. Lakini huyo ni yule ambaye vita vilikuwa kwingine. Jackson kachagua habari ya askari aliyetumwa mbali. Tolkien kaandika zote mbili: Frodo anaumwa kila mwaka siku ile ile aliyochomwa, na nchi nayo imeharibika. Sam anapanda miti upya kwa udongo aliopewa na Galadriel, chembe moja moja, kila mahali palipokatwa. Anauliza kwanza wenzake autumie vipi. Kazi hiyo ya kupanda haimo kwenye filamu, na ndiyo tuliyoifanya sisi. Boga halipandi mti wa mtu.

#16 Fundi_Uhariri
Boda kanifurahisha. Hii ndiyo sababu sikubali tukisema "kitabu na filamu" kana kwamba viko viwili tu. Hapa Uganda kuna mkono wa tatu. Who Killed Captain Alex? ya kule Wakaliga, ya 2010, dunia nzima inaijua ikiwa na sauti ya VJ Emmie ndani yake. Ukiitoa ile sauti, umetoa filamu nyingine. Sisi tumezoea kwamba kazi haijakamilika hadi mtu wa karibu aizungumze.

#17 Mwalimu_Busia
Hamjambo. Nimechelewa, nilikuwa nasahihisha mitihani.

Naona kila mmoja anamtafuta mwenye kosa. Mimi nafundisha Kiswahili, na tangu Baraza la Mawaziri lilipopitisha mwaka 2022 kwamba kifundishwe kwa lazima, nimekuwa nikitafuta hadithi za ajabu za kuwapa wanafunzi. Tumesoma Adili na Nduguze ya Shaaban Robert. Ikibali anatumwa na Mfalme Rai kukusanya kodi, anakuta gavana mwema, Adili, anawachapa manyani wawili usiku, na polepole siri inafunguka kwamba manyani wale ni ndugu zake. Niliwaambia wanafunzi waigize. Makundi yote yalianza na viboko! Hakuna kundi lililoanza na Mfalme Rai wala na safari ya kodi. Hawakuwa na studio wala mkataba, na hakuna aliyewahesabia dakika. Waliokuwa nao ni jukwaa na wenzao waliokaa mbele yao.

Ninavyoona, macho yanataka tendo mapema na sikio linaweza kungoja. Hata bibi akisimulia hadithi ya Abunuwasi hasimulii kama alivyoisikia. Hadithi inayosimuliwa upya inabadilika, na tusiilaumu kwa hilo.

#18 Dada_Kasese
Mwalimu, kwa heshima zote. Bibi akibadilisha hadithi ya Abunuwasi, kesho bibi mwingine ataisimulia kivyake, na zote zinaishi sawa. Filamu ya mamilioni ya dola inaifunika nyingine. Utamwuliza nani leo sura ya Aragorn, yule mfalme, ikoje, asimwone kichwani Viggo Mortensen aliyemwigiza? Wenye nguvu ya kusimulia hawako sawa, na wanafunzi wako hawakumgeuza Adili kuwa Mzungu.

#19 Mwalimu_Busia
Hapo umenibana dada. Lakini bado viboko vilitangulia, na hilo lazima lielezwe.

#20 Hajati_Mbale
Mwalimu, niandikie faragha jina la duka ulikopata Adili na Nduguze. Nakitaka kwa likizo ijayo.

#21 Boda_Arua
Na The Last King of Scotland, ile filamu ya Idi Amin, je? Ile ilipigwa hapa hapa Uganda, na Forest Whitaker akapata Oscar. Wazungu wengi wanaamini yule daktari Garrigan alikuwepo kweli.

#22 Ziwa_Entebbe
Garrigan ni wa kubuni, ametoka kwenye riwaya ya Giles Foden ya 1998. Ila mzee, uzi ni wa fantasia. Idi Amin hakuwa fantasia kwa wazazi wetu.

Nirudi kwa hoja ya hofu, maana nina ushahidi wa kuiunga mkono. The Golden Compass, 2007. Riwaya ya Philip Pullman inaisha kwa Lyra kumleta rafiki yake Roger bila kujua kwa mtu atakayemuua. Roger anakufa. Lyra anavuka kuingia ulimwengu mwingine akiwa na uchungu huo. Mwisho huo walishaupiga picha. Ulikuwepo mkononi. Wakaukata, filamu ikaisha watoto wako angani wanaongea kwa matumaini. Mashambulizi ya kitabu dhidi ya Kanisa nayo yakapunguzwa makali. Filamu za vitabu viwili vilivyobaki hazikutengenezwa, na ikabidi hadithi isubiri tamthilia ya televisheni ya 2019 ndipo Roger afe kama alivyoandikwa.

Fundi, hapo kilele kilikuwa mwisho kabisa, mahali pake. Wakakikata hicho hicho.

#23 Fundi_Uhariri
Ile sikuijua. Mtu aliyekata pale hakuwa mhariri, alikuwa mwenye fedha. Narudia: kwa Shire naamini ni umbo, kwa Roger naamini ni pesa. Kila kazi na kesi yake.

#24 MtoWaBombo
Pesa inaogopa nini kama si uchungu wa mtazamaji? Tumerudi kwangu.

#25 Kijana_Wandegeya
Hapana bwana, usijipe kombe. Kama ingekuwa hofu ya uchungu, Jackson asingemchafua Faramir, yule nahodha anayewakuta Frodo na Sam njiani. Kitabuni Faramir anasema asingeichukua ile pete hata angeikuta njiani, na anawaachia Frodo na Sam waende zao. Kwenye filamu anawafunga na kuwaburuta hadi Osgiliath, mji wa magofu. Huko waliongeza uchungu, na waliongeza dakika pia, kwa hiyo hata hoja yangu ya saa inayumba. Na wale kina Elf waliokuja kwenye ngome ya Helm's Deep na kufa pale, kitabuni hawapo!

#26 Ziwa_Entebbe
Jackson na wenzake walishasema sababu ya kumbadilisha Faramir: pete ambayo kila mtu anaiogopa ingekosa nguvu kama mtu mmoja angeikataa kirahisi hivyo.

#27 Kijana_Wandegeya
Sababu nimeisikia na siikubali. Faramir akiikataa ndipo tunajua inaweza kukataliwa. Mkulima, Dada, mnasemaje? Boda, vijei wenu alisema nini pale Osgiliath?

#28 Boda_Arua
Siku ile umeme ulikatika pale pale. Ngoja nimpigie simu nimuulize.